Utu Haushonwi Kwenye Sare

Hotuba ya mwalimu mstaafu mbele ya walimu, wasaidizi wa kisheria na watendaji wa kata, Siku ya Haki za Binadamu, 10 Desemba

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa dini, watendaji wa kata, walimu wenzangu, wasaidizi wa kisheria, mabibi na mabwana. Naomba mkubali kwamba itifaki imezingatiwa, maana nimepewa dakika 25, na nikianza kutaja vyeo vya waliokaa meza kuu nitashukia hapo hapo.

Mada yangu imeandikwa kwenye ratiba hivi: kukuza utu wa binadamu kupitia elimu, sheria na sera. Nilipoisoma nilimpigia simu aliyenialika nikamwuliza niseme nini, mimi si mwanasheria. Akanijibu, "Mwalimu, sema uliyoyaona shuleni." Sasa yapo niliyoyaona shuleni kwa sababu niliyafanya mwenyewe. Nitaanza na hayo.

Nilikuwa mkuu wa shule ya kata, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Jina la shule tuliache. Kila tulipofungua baada ya likizo, wasichana walipimwa mimba. Haikuwa siri, wala haikuwa kwetu peke yetu. Muuguzi alikuja kutoka zahanati na boksi la vipimo. Vipimo vikiisha, alitumia mikono. Wasichana walipanga mstari nyuma ya stoo ya chakula, wengine wana miaka 13, na mmoja mmoja akaingia chooni na kikopo cha plastiki, akatoka nacho amekifunika kwa kiganja ili wavulana waliokuwa wakifyeka majani upande wa pili wasione. Matroni alisimama mlangoni. Mimi nilishika daftari. Wavulana hatukuwapima chochote.

Januari moja alikuwepo msichana wa kidato cha pili aliyekuja na sweta. Mnalijua joto la Januari. Alipofika mbele ya muuguzi hakuhitaji hata kipimo. Alikaa tu juu ya tofali akaanza kukunja na kukunjua ukingo wa sketi. Nikamwandikia barua. Mistari mitatu na muhuri. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja makosa dhidi ya maadili, na sisi mimba tuliiweka humo, kama vile mtoto ameiba au amepigana.

Kabla hajaondoka nikamwambia arudishe vitabu vya shule. Akaleta vinne. Cha Jiografia hakikuwa na jalada. Nikamwambia, kwa ile sauti ya ukuu wa shule, kwamba kitabu hiki hukukabidhiwa hivi, kwa hiyo ukilipie. Jumatatu akarudi kwa miguu, kilomita nane, na shilingi 3,000 zimefungwa kwenye ncha ya khanga. Nikamwandikia risiti.

Kwa barua ninao wa kumsingizia: kanuni, afisa elimu, bodi ya shule. Kwa risiti sina. Ile hakunituma mtu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Leo ni tarehe 10 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu mwaka 1948. Kwa Kiswahili chake linaanza: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Hadhi. Ni neno zuri, lakini masikioni mwangu linanukia cheo kidogo. Mtu ana hadhi ya balozi, hoteli ina hadhi ya nyota tano. Katiba yetu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilipoingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, waandishi walichukua neno la nyumbani. Ibara ya 12, ibara ndogo ya pili: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Mahakama ziliambiwa zisubiri mpaka 1988 ndipo watu waweze kushitaki kwa haki hizo, lakini hilo ni jambo la wanasheria.

Mimi nataka mlitazame neno hili utu lilivyo mdomoni mwetu. Ukisema fulani hana utu, hakuna anayeelewa kwamba fulani ameonewa. Wote wanaelewa kwamba ameonea. Aliyenyang'anywa shamba, aliyepigwa, aliyetukanwa, hatusemi kwamba hana utu. Tunasema ametendewa bila utu, na kutokuwa na utu kunamrudia mtendaji. Kwa hiyo nikirudi nyuma ya stoo ile na kuuliza ni nani pale alipungukiwa utu, yule binti juu ya tofali hayumo kwenye orodha. Yumo mwenye daftari.

Na Katiba inalo neno jingine ambalo siku hizi vijana hawalitumii sana. Ibara ya 13, ibara ndogo ya 6, kipengele (e), inapiga marufuku adhabu "zinazomtweza au kumdhalilisha" mtu. Kutweza. Kumshusha mtu mbele ya macho ya watu. Nilikuwa na nakala ya Katiba kwenye kabati la ofisi, jirani na makopo ya chaki, na nilifundisha Uraia miaka tisa.

Nikiwa mstaafu ndipo nikaanza kusoma sheria, kwa hasira kidogo nakiri, na hapa wasaidizi wa kisheria mnirekebishe nikikosea. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Vizuri. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mvulana aoe akiwa na miaka 18, msichana anaweza kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya baba. Mama anaulizwa baba akiwa amefariki. Na mahakama inaweza kuruhusu hata miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Halafu kuna marekebisho ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana: kulala na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata akikubali, isipokuwa awe ni mkeo mwenye miaka 15 au zaidi. Hebu itafakarini hiyo "isipokuwa". Kitendo ni kile kile, mtoto ni yule yule, na kinachotenganisha jela na chumbani ni ndoa, ambayo kwa vijiji ninavyovijua mimi mara nyingi haina hata cheti, ina mahari tu.

Mwaka 2016 Bunge likarekebisha Sheria ya Elimu: ukimwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, kifungo miaka 30. Tulishangilia. Mimi mwenyewe niliibandika kwenye ubao wa matangazo.

Lakini tazameni kilichotokea. Chukueni mabinti wawili wa kitongoji kimoja, wote wana miaka 15, wamecheza rede pamoja. Mmoja alifaulu darasa la saba, yuko kidato cha pili. Mwenzake alifeli, yuko nyumbani anachunga wadogo zake. Wa kwanza, mwanamume akimgusa ni miaka 30. Wa pili, mwanamume yule yule akileta ng'ombe, baba akaridhia, ni sherehe, na mwenyekiti wa kitongoji atakula pilau. Umri wao ni mmoja, miili yao ni ya watoto wote wawili, na tofauti iliyopo ni sketi ya bluu na shati jeupe. Tumeuchukua utu wa mtoto tukaushonea kwenye sare, halafu tukashangaa kwamba watu wanamvua sare kwanza.

Maana ndicho wanachofanya. Walimu wa msingi mliopo hapa mnajua, naona mwingine anatikisa kichwa pale nyuma. Mzazi mwenye mpango wa kuozesha anamwambia mtoto siku ya mtihani wa darasa la saba, andika ya kukosea. Mtoto anayejua jibu anaiacha herufi anayoijua anaweka kivuli kwenye nyingine. Matokeo yakitoka, amefeli, si mwanafunzi tena, na ile miaka 30 haimhusu mtu. Sheria tuliyoitunga imlinde mtoto ikamfundisha mzazi wake pa kupitia. Nimesahihisha mitihani mingi maishani, sijui ni mingapi kati ya iliyofelishwa ilikuwa ni posa.

Yupo dada mmoja aliyeliona hili mapema kuliko sisi walimu. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu akisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinavunja Katiba, Ibara za 12, 13 na 18. Mnaona, ya 12 imo, ile ya utu. Julai 2016 mahakama ikamkubalia, ikampa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka mmoja virekebishwe viwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ile. Mwaka ukapita, ukapita wa pili, wa tatu, na vifungu vikawa bado viko kitabuni. Tukaambiwa jamii ishirikishwe kwanza, viongozi wa dini waulizwe. Sina ugomvi na kuulizwa. Masheikh na wachungaji waliopo hapa najua wengi wenu mnakataa kufungisha ndoa za watoto. Ila binti aliyekuwa na miaka 12 siku ya hukumu ile ya Rufani alifikisha 15 tukiwa bado tunaulizana.

Sasa upande wa sera, ambako nako kuna kupanda na kushuka. Mwaka 2017, pale Chalinze, Rais Magufuli alitamka wazi kwamba mwenye kupata mimba harudi shule ya serikali. Zanzibar walikuwa wameshawaruhusu tangu 2010, nchi moja hiyo hiyo; ukivuka maji na boti ya asubuhi utu wako ulikuwa unabadilika kanuni. Kenya walikuwa na sera ya kuwarudisha tangu miaka ya tisini. Kisha 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, ukatoka waraka, na mwongozo ukafuata ukitaja muda wa miaka miwili tangu alipoacha. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto nayo ikaamua, katika shauri lililofunguliwa kwa niaba ya wasichana wa Tanzania, kwamba kuwapima mimba kwa lazima na kuwafukuza kulikiuka haki zao. Nilisoma uamuzi ule kwenye simu, barazani kwangu. Nilihisi kama nasomwa jina langu.

Waraka ule ni jambo jema, nisieleweke vibaya. Lakini nimefanya kazi serikalini miaka 34 na ninachojua kuhusu waraka ni kwamba hufutwa na waraka. Anayekuja anaandika wake. Haki inayokaa kwenye karatasi ya kurasa mbili iliyopigiliwa pini kwenye ubao wa matangazo, upepo ukivuma tu ina mashaka. Na kuna jambo jingine ambalo linanifurahisha na kunikera kwa wakati mmoja. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa Februari 2025, inataka elimu ya lazima iwe miaka kumi. Mtoto aanze darasa la kwanza na miaka sita. Sita na kumi, walimu wa Hisabati mnisaidie: kumi na sita. Sera inataka huyu mtoto awe darasani kwa lazima mpaka 16, Sheria ya Ndoa inamwona yuko tayari kwa mume akiwa na 15. Haya maandishi mawili yako ya serikali moja, naamini hata kabati ni moja.

Lakini tuseme sheria zimenyooka zote kesho asubuhi. Binti anarudi. Anarudi wapi?

Nilimtembelea mmoja, shule nyingine, mwaka mmoja baada ya waraka. Ana mtoto wa miezi mitano. Asubuhi anamnyonyesha saa 10 alfajiri, anamwachia bibi, anatembea. Ikifika saa 5, kipindi cha Hisabati, maziwa yamejaa na yanavuja. Amejikunja juu ya dawati, ameweka daftari kifuani. Mwalimu, kijana tu, si mtu mbaya, anamwita, "Mama Junior, njoo utufanyie namba sita ubaoni." Darasa linacheka. Yeye hakunyanyuka. Mwalimu akaandika kwenye kitabu chake kwamba mwanafunzi huyu ni mkaidi. Waraka ulikuwa umemfungulia geti la shule vizuri kabisa. Kutoka getini mpaka ubaoni ni hatua kama mia moja, na hakuna waraka unaofika huko. Kunafika mwalimu tu.

Kwa hiyo walimu, na nawasema ninyi kwa sababu ndio wangu, msiniambie habari za maadili mpaka mtakapoacha kumwita mtoto kwa jina la mtoto wake. Mpeni dakika 20 saa 4 akanyonyeshe, kama bibi anaweza kumleta mtoto jirani na shule. Akiomba ahamie shule nyingine asikojulikana, mkamilishieni karatasi siku hiyo hiyo, msimzungushe. Na vile vikopo, kama kuna shule bado inavyo, vitupwe. Tafiti za afya za kitaifa za 2015-16 zilikuta wasichana 27 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshaanza uzazi. Za 2022 zikakuta 22. Sidai najua ni nini hasa kimepunguza. Ninachojua ni kwamba kipimo hupima kilichokwisha kutokea, na katika miaka yangu yote na lile daftari sikuzuia mimba hata moja.

Kwa wale ambao darasa la kawaida limewashinda, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo 54 nchini, tangu miaka ya sabini. Nimeingia kwenye kimoja nikakuta chumba chenye mikeka na watoto wanalala mchana, mama zao wako chumba cha pili wanasoma masomo ya kidato na ufundi. Mlango kati ya vyumba viwili uko wazi. Mtoto akilia, mama anaondoka, ananyonyesha, anarudi, na hakuna anayegeuza shingo. Ni mlango tu. Sikuona kitu cha gharama kubwa pale.

Watendaji wa kata, la kwenu ni fupi. Zile kesi mnazozimalizia ofisini. Mzazi akishapokea ng'ombe wawili, binti anasahau jina la aliyempa mimba. Anasema alikuwa abiria wa basi. Mnajua hakuna basi. Mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na muhuri wenu usionekane kwenye makubaliano ya ng'ombe.

Wasaidizi wa kisheria, ninyi nawaomba kazi moja ya kujitolea. Pigeni chapa ile Ibara ya 12, maneno kumi tu, kwa herufi kubwa, mkaibandike kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Isikae kwenye ubao wa wanafunzi, wao hawana tatizo nayo. Ikae mbele ya macho ya anayeandika barua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mnadani, nanunua dagaa. Muuzaji akainama, akanipima kwa kopo, akaongeza nyongeza, akaongeza tena, mpaka nikamwambia mama utapata hasara. Akainua uso. "Shikamoo mwalimu." Nikamwitikia, na hapo hapo nikamjua. Hakuwa na sweta, lakini nilimjua. Binti yake wa darasa la sita ndiye aliyekuwa anapokea hela. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za bei. Hakuniambia neno baya hata moja. Nilipokuwa nafunga mfuko niondoke, akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia jamaa wa zamani:

"Mwalimu, kile kitabu cha Jiografia mlikitia jalada?"

Nilimwambia sikumbuki.

Nakumbuka vizuri. Hatukukitia.

Asanteni kwa kunisikiliza.